Kiatu cha mbio kimekwisha upesi: ununue kile kile, uhamie kingine, au ushuke Kongowea?

Mkimbiaji wa Mombasa aliyepata kiatu kinachomkaa sawasawa, siku kikimwishia huwa na swali moja tu: kile kile nitakipata wapi? Kwangu mimi swali hilo huja mapema mno. Kiatu kilichokwisha kabla ya siku zake kina sababu, na usipoijua utanunua cha pili nacho kife kifo hicho hicho. Basi kabla ya kulinganisha maduka, chapa na soko la mitumba la Kongowea, kigeuze kile cha zamani ukitazame kimekufa wapi.

Kipimo kinachotumika kwa kawaida ni kilomita 500 hadi 800 kwa jozi moja. Mtu wa kilomita 30 kwa wiki atakaa nayo miezi minne hadi sita. Ikikufia chini ya kilomita 300, hapo una haki ya kulalamika, ila hesabu na zile ulizotembea. Wengi wetu tunavaa raba za mazoezi kwenda kazini, sokoni, kudandia matatu, kisha tunashangaa mbona zimelika na mbio zenyewe ni mara tatu kwa wiki.

Kimelika chini, kimebonyea katikati, au kimetoboka juu?

Kikiwa kimelika chini, lawama ni ya ardhi na aina ya mpira. Kuna mpira mgumu, mweusi, wenye kaboni, ambao huvumilia. Kuna na mpira uliotiwa hewa, mwepesi na laini, unaopendeza mguuni lakini unaosagika upesi. Na siku hizi viatu vingi vinaachwa sponji iguse chini moja kwa moja, mpira umewekwa vipande viwili vitatu tu ili kupunguza uzito. Kiatu cha namna hiyo kwenye njia nyororo ya bustani kitadumu. Kwenye kabro za Mama Ngina, au vichochoro vya mawe ya matumbawe kule Bamburi na Shanzu, kinaliwa kama sabuni. Tazama pia kama mguu mmoja umelika kuliko mwingine. Anayekimbia upande ule ule wa barabara kila alfajiri anakimbia juu ya mteremko, maana lami huinamishwa pembeni ili maji ya mvua yashuke. Hapo dawa ni kugeuza njia. Kiatu hakina kosa.

Kulika kidogo kwa nje ya kisigino si ugonjwa, karibu kila mtu hutua hapo.

Kikiwa kimebonyea katikati, soli inaweza kuwa na meno yote lakini ukikimbia unahisi barabara inakupiga hadi gotini. Hapo kilichokufa ni sponji. Sponji ya kawaida ni ya plastiki iitwayo EVA, na EVA hulainika kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi. Ndiyo maana sifa za kiatu zilizoandikwa na mtu wa nchi ya baridi, au hata na ndugu zetu wa Iten kule nyanda za juu, sizichukui kama zilivyo. Anachokiita yeye kigumu kidogo, hapa wakati wa kaskazi kinaweza kuwa sawa kabisa. Anachokiita laini ajabu, hapa kitakuwa uji. Joto la mji huu si mchezo: kwenye Mashindano ya Dunia ya Mbio za Nyika yaliyofanyika hapa Machi 24, 2007, Kenenisa Bekele, aliyekuwa mfalme wa mbio hizo, aliacha njiani, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Joto lililomtoa Bekele ndilo unaloanikia viatu vyako juu ya mabati. Jua kali na buti ya gari iliyofungwa mchana kutwa hulegeza gundi na kuifanya sponji isinyae. Viatu vikilowa vijaze magazeti, uviweke kivulini penye upepo.

Kikiwa kimetoboka juu, kwenye kidole gumba, ama kimekuwa kifupi ama kucha hazijakatwa. Kikichanika kwa ndani ya kisigino, kinapwaya, au unakivaa bila kufungua kamba. Na chumvi ina mkono wake. Anayepita ufukweni akarudi kukisuuza kwa maji ya kisima, ambayo majumbani kwetu mengi nayo yana chumvi, atakuta kitambaa kikikauka kinakakamaa na kukatika kwenye mikunjo. Ndoo ndogo ya maji matamu inatosha.

Toleo jipya la kiatu kile kile, au kiatu kingine?

Sasa dukani. Jina lile lile kwenye boksi si ahadi ya kiatu kile kile. Nike wamekuwa na Pegasus tangu 1983, na ASICS na Gel-Kayano tangu 1993. Majina yamebaki, viatu vyenyewe vimegeuka mara nyingi. Chukua mfano wa karibu: Brooks Ghost ya 16 ilikuwa na tofauti ya milimita 12 kati ya kimo cha kisigino na kimo cha vidole. Ya 17 imeshushwa hadi 10. Milimita mbili zinaonekana si kitu, lakini kisigino kikishuka, kazi inahama kutoka gotini kwenda kwenye shavu la mguu na kano ya kisigino. Mwenye kano yenye historia ya kuuma atazisikia.

Kwa hiyo ukiambiwa "hiyo yako imetoka mpya, bora zaidi", uliza mambo matatu: kimo cha kisigino na cha vidole, aina ya sponji, na upana wa mbele. Vikilingana na chako cha zamani, chukua toleo jipya. Visipolingana, jina halikusaidii kitu, na chapa nyingine yenye vipimo vya kiatu chako cha zamani itakuwa ndugu wa karibu zaidi.

Njia nyingine ni kutafuta toleo la zamani lililobaki dukani, ambalo bei yake mara nyingi hushuka toleo jipya likiingia. Mimi huipenda njia hii kuliko zote, kwa sharti moja: soma lebo iliyo ndani ya ulimi wa kiatu. Adidas huandika mwezi na mwaka wa kutengenezwa, Nike nao huweka tarehe. Kiatu kilichokaa stoo miaka mitano kwenye unyevu wa Mombasa kinaweza kuwa kipya kwa macho na mzee kwa gundi.

Ukihama chapa, usiamini namba. UK 8 ya Nike ni sentimita 27, UK 8 ya adidas ni 26.5. Nusu sentimita ndiyo tofauti ya kucha nzima na kucha nyeusi. Sentimita zimeandikwa kwenye lebo hiyo hiyo, mara nyingi karibu na herufi JP au CM; hizo ndizo za kulinganisha. Na ujaribu viatu jioni, miguu ikiwa imevimba kwa joto la siku, ukiwa na soksi unazokimbilia.

Kwa wanaopenda cha nyumbani, Enda ni chapa ya Kenya iliyoanza mwaka 2016, na viatu vyake viliunganishwa hapo jirani Kilifi. Kiatu chao kiitwacho Iten ni chepesi, chenye tofauti ya milimita 4 tu kati ya kisigino na vidole. Ni kiatu kizuri cha mbio za kasi kwa mguu uliozoea. Kama kilichokuishia kilikuwa na milimita 10 au 12, usikirukie kama mbadala wa kila siku. Anza na mbio fupi, mguu uzoee kwa wiki kadhaa. Uzalendo ni mzuri, lakini kano haina bendera.

Na bei kubwa isikuhadae kwamba ndiyo uimara. Mwethiopia Tigst Assefa alipokimbia marathoni ya Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:11:53, alivaa adidas Adizero Adios Pro Evo 1, kiatu cha gramu 138 kilichouzwa dola 500, na wenyewe walisema kimetengenezwa kwa marathoni moja pamoja na mazoezi machache ya kukizoea. Sponji za viatu vya mashindano hurudisha nguvu kwa wingi lakini hufa mapema. Kama shida yako ni kuisha upesi, rafu hiyo ipite.

Dukani au Kongowea?

Hapa ndipo ubishi ulipo, na kila upande una haki yake. Maduka ya Nyali yanakupa risiti, nafasi ya kujaribu saizi mbili tatu, na mahali pa kurudi soli ikibanduka wiki ya pili. Kongowea inakupa viatu ambavyo maduka hayo hayaleti kabisa, vya chapa zinazouzwa Ulaya na Marekani kwa wakimbiaji wa kweli, kwa bei ya kujadiliana. Ukitafuta toleo la zamani ambalo kiwanda kimeshaacha kulitengeneza, uwezekano wako mkubwa uko kwenye robota la mitumba, si kwenye boksi.

Lakini mtumba unanunuliwa kwa mikono, macho yanadanganywa. Muuzaji mwenye kujua kazi yake ameshakiosha kiatu, amekipiga brashi, pengine na rangi nyeupe pembeni, kisha akakiita "kamera", yaani cha daraja la kwanza.

"Kaka, hiyo ni kamera. Robota limefunguliwa leo leo."

"Nakiona ni kizuri. Nipe na cha pili, niviweke hapa mezani."

"Viweke tu, mteja wangu. Soli hiyo ina meno yote!"

Meno yapo kweli, na hapo ndipo wengi wanapotoa pesa. Viweke viwili sambamba mahali pa bapa, uinamie uvitazame kwa nyuma, macho yakiwa sawa na visigino. Kimoja kikiinama ndani au nje, mwenyewe wa kwanza alishakipinda kwa mwendo wake na wewe utakimbia kwa mwendo wa mtu usiyemjua. Bonyeza sponji kwa kidole gumba, pembeni chini ya kisigino. Ikiwa ina mikunjo ya kulala iliyokwisha kujichora, imechoka. Ilinganishe na ya cha pili, maana mara nyingi mguu mmoja hutangulia. Toa soli ya ndani uitazame: alama nyeusi za vidole vya mtu zikiwa zimezama, kilomita nyingi zimeshatumika. Kisha kikunje. Kiatu kizima hukunjika pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati kama karatasi, kirudishe. Mwisho vuta ukingo wa mpira kwa ukucha, usikie kama gundi inashika.

Kuna aina moja ya mtumba ninayoitetea mbele ya mtu yeyote. Mwaka 2013 adidas walileta sponji ya Boost, iliyotengenezwa kwa vipunje vya TPU, aina ya plastiki inayonyumbuka, vilivyogandishwa pamoja; ukiitazama pembeni unaviona vipunje vyenyewe. Ni nzito kuliko EVA, lakini haibadiliki sana kwa joto na hukaa na uhai wake muda mrefu. Baadhi ya viatu hivyo vina soli ya mpira wa Continental, wale watengenezaji wa matairi wa Ujerumani, na jina limeandikwa hapo chini. Ukikikuta Kongowea kimesimama wima na soli haijalika, uwezekano kwamba sponji bado ni nzima ni mkubwa kuliko kwa EVA ya umri huo huo. Weupe wake umegeuka manjano? Ni rangi tu.

Kinyume chake, jihadhari na kiatu kizee ambacho hakijavaliwa. Soli za poliyurethani za miaka ya nyuma huharibika kwa unyevu hata zikiwa kabatini, na siku ukizivaa zinamomonyoka vipande vipande njiani. Kibonyeze: kikitoa unga au kikinata, achana nacho.

Feki sizilinganishi na chochote. Zile jozi mpya zenye nembo kubwa na bei ya mtumba, zinazonuka gundi kutoka upande wa pili wa barabara, ndani yake hakuna sponji ya mbio, kuna kipande kigumu kilichochongwa kifanane. Kwenye Nike, lebo ya ulimi huwa na msimbo wa alama sita (herufi na tarakimu, au tarakimu tupu), kistari, kisha tarakimu tatu, na lazima ulingane na wa boksi. Usipolingana, hizo ni za kuuza sura. Kwa kutembea Jumapili zitafaa.

Fundi je?

Fundi viatu anadharauliwa bure. Ikiwa kiatu chako kimelika nje ya kisigino tu na sponji bado inarudi ukiibonyeza, kiraka chembamba cha mpira kilichobandikwa kwa gundi nzuri kinaweza kukuongezea wiki nyingi. Kubanduka kwa ncha ya soli, kutoboka kwa ndani ya kisigino, yote anayaweza, kwa bei ndogo sana kuliko jozi mpya.

Ila mwambie mapema asishone. Desturi yetu ni kununua kiatu leo na kesho kukipeleka kikashonwe mzunguko mzima, na kwa kiatu cha ofisi ni busara. Kwa kiatu cha mbio, uzi ule unapita kwenye sponji, unaikaza pembeni, na unakaa chini unaposagwa na lami hadi ukatike. Mwambie, "Fundi wangu, gundi tu, uzi usitie." Atakutazama kama mtu asiyejua kitu. Vumilia. Na akikuletea kipande kinene cha tairi, kikatae pia, maana kitainua kisigino kimoja kuliko kingine na kuongeza uzito ambao utausikia kabla hujafika daraja la Nyali.

Sponji ikishakufa, fundi hana la kukufanyia. Hapo usimpotezee wakati.

Hesabu ya kilomita

Watu hulinganisha bei ya jozi. Linganisha bei ya kilomita. Tuseme kiatu kipya cha shilingi 14,000 kikakupa kilomita 600: ni shilingi 23 na senti kwa kilomita. Mtumba wa shilingi 3,000 ukikupa kilomita 200 ni shilingi 15, umeshinda. Ukikupa 100 tu, ni shilingi 30, na kile kipya kilikuwa cha bei nafuu. Hapo utaona mtumba haushindi kwa sababu ni mtumba. Unashinda ukijua kuubonyeza. Na kiraka cha shilingi 300 kikikuongezea kilomita 100 kwenye kiatu ulicho nacho, hakuna duka la kushindana na shilingi tatu.

Hesabu hiyo pia inamaliza suala la jozi moja ya ghali au mbili za kawaida. Mimi niko upande wa mbili. Viatu vikipokezana vinakauka vizuri, jambo ambalo wakati wa masika ni kubwa, kwa sababu kiatu kilicholowa jana asubuhi leo alfajiri bado kina maji. Tena kuna utafiti uliofanyika Luxembourg kwa wakimbiaji 264 kwa wiki 22: waliopokezana jozi zaidi ya moja walikuwa na hatari ya kuumia iliyopungua kwa asilimia 39 kuliko waliotumia moja tu. Jozi zako zisiwe pacha. Moja iwe na mpira mgumu uliofunika soli nzima, ya lami na kabro; nyingine nyepesi, ya mchanga mgumu wa maji kupwa na siku za mbio fupi. Ile ya mchanga ndiyo iwe ya mtumba, kwa kuwa chumvi haichagui bei.

Mwenye hela ya jozi moja tu, na kilichokufa kilikuwa soli: nunua mpya yenye mpira mweusi mgumu, toleo la mwaka jana, vipimo kama vya zamani, hata kama chapa si ile. Kilichokufa kikiwa sponji, tafuta ya TPU, mpya ukiiweza au Kongowea ukiwa na subira ya kurudi mara kadhaa. Na aliye na shindano mwezi ujao asibadilishe kitu sasa. Ampe fundi kazi, amalize mbio, kisha akapige bei kwa nafasi.